Kamba Isiyoungwa

Jumatatu, 6 Januari 1964

Ndoo imerudi tupu tena. Jua halijapanda na kamba haifiki maji. Wanawake wamekaa juu ya madebe yao wanangoja, na mimi nimekaa nao, ufunguo wa kifuniko shingoni kama kengele ya mbuzi. Bahari ikipwa, kisima chetu nacho hushuka. Ikijaa, maji hupanda na kamba hufika. Basi tunangoja. Kiangazi cha mwaka huu kikali, na kungoja kumekuwa kurefu.

Tangu afariki mavyaa wangu, Bi Mwanamisi, mamake mume wangu Salimu, kisima cha mtaa kiko mikononi mwangu. Aliniachia masharti mawili. Kisima kifungwe alasiri, kilale mpaka alfajiri. Na kamba haiungwi. Ikichakaa, isukwe nyingine ya makumbi ya nazi kwa urefu ule ule. Nilimwuliza kwa nini. Akanambia, wewe fuata tu. Nimefuata. Nimechoka kufuata nisichokijua.

Ijumaa, 10 Januari

Leo Mishi kanitia aibu. Mishi jirani yangu, tumecheza kibe pamoja utotoni, na ulimi wake hauna mlango. Amesema mbele ya watu, "Bendera ya Mwingereza imeshateremshwa, lakini hapa kisimani mkoloni bado yupo." Watu wamecheka wakashika mbavu. Nimecheka nao. Ndani naungua.

Nikawauliza basi, sababu ya kamba hii ni nini. Kila mtu na lake. Mmoja asema kisimani mna jini hataki kusumbuliwa. Mwingine asema Bi Mwanamisi alikuwa bahili, Mungu amrehemu. Mishi asema hakuna sababu yoyote, ni kutaka kutawala wenzake tu.

Kila aliyesema nilimwona ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 12 Januari

Salimu amekuja jana kutoka kiwandani Ramisi, na leo jioni anarudi kwenye miwa yake. Nimemwuliza, mamako hakukwambia kwa nini kamba haiungwi? Akasema, "Kamwulize mwenyewe." Anajua fika mamake yuko kaburini. Hayo ndiyo masihara yake. Nimemtupia kata ya kuchotea maji, haikumpata.

Jumatatu, 13 Januari

Ramadhani iko mlangoni. Redio ya dukani yanguruma mambo ya Unguja, wenye jamaa huko hawana raha. Sielewi kitu. Dunia nzima inageuka, mimi nalinda kamba.

Juma amekuja. Huyu ni mdogo wake Salimu, fundi mwashi. Tangu uhuru hasemi ila kwa sauti ya mkutanoni. Kaleta kipande kirefu cha kamba ya katani, kipya. Akasema, "Shemeji, kiongozi hangoji maji yamjie. Huyafuata yaliko." Maneno matamu. Nimekaa nayo asubuhi nzima nikichambua mchele, na mchele wenyewe sikuuona.

Adhuhuri nimeunga. Kwa mikono yangu. Ncha ya kamba ya zamani ilikuwa imelika, nikakata ile sehemu mbovu nikaitia motoni jikoni, kisha nikafunga katani hapo. Ndoo imezama. Imerudi imejaa. Wanawake wamepiga vigelegele, Mishi kanikumbatia mbele ya watu. Nimefurahi hata nikaona haya.

Alhamisi, 16 Januari

Mfungo umeanza. Maji yanakwenda kuliko siku zote. Uji, kunde, kuoga, udhu, vyombo. Kisima sikifungi tena alasiri. Nani atafunga kisima saa ambayo kila mtu apika futari? Hakuna jini aliyetoka. Labda mavyaa alikuwa bahili kweli. Mungu anisamehe kwa kuliandika hili katika mwezi huu.

Jumapili, 19 Januari

Matope. Hata katani haisaidii. Ndoo inakwaruza chini, inaleta uji wa udongo.

Juma asema tuchimbe, tushuke zaidi. Ana wenzake wawili, wana sululu, hawataki kitu ila thawabu. Nimemtazama Salimu. Kakuna ndevu, kasema, "Ufunguo uko kwako." Nimekasirika naye sana. Nilitaka aseme ndiyo au aseme la. Mtu akikuachia shauri lote amekuachia na lawama yote, kisha anaondoka zake kwenda Ramisi.

Nikawaza: mavyaa kasema kamba isiungwe, hakusema kisima kisichimbwe. Nikaona hapo nimepata mlango. Nimewaambia wachimbe.

Jumanne, 21 Januari

Asubuhi nilikuwa mtu mkubwa mtaani. Wacha niandike kwa mpango, kichwa kinazunguka.

Wamechimba na saumu zao, kwa zamu, wanatoa udongo kwa makapu. Wakafika kwenye mwamba wa matumbawe, wakaupasua. Baada ya adhuhuri maji yakachimbuka. Mengi, maangavu, ya baridi, yanapanda yenyewe. Juma katoka kisimani ameloa, anacheka kama mtoto. Kila nyumba imeteka ikajaza mitungi. Msikiti umejaza birika. Watu walikuwa wananipa mkono. Hakuna aliyeonja. Nani aonje, na wote tumefunga?

Maghribi nimekula tende, nikanywa. Chumvi. Nikadhani ni mtungi, labda ulitiwa samaki. Nikaumwaga, nikachota kwenye debe. Chumvi. Chai, chumvi. Nimefuturu nayo hivyo hivyo, sikumwambia mtu. Nimeona aibu ya mtungi wangu mchafu. Roho inanambia si mtungi. Sitaki kuisikiliza.

Jumatano, 22 Januari

Kisimani asubuhi. Kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, anatazama ndoo. Mwisho Mishi ndiye aliyesema. "Jamani, ni mimi peke yangu niliyefuturu kwa bahari?"

Hakuna aliyecheka. Kumbe kila mmoja kwake alidhani ni mtungi wake. Kila mmoja kaficha. Kunde hazikuiva, sabuni haikutoa povu, na mtaa mzima tumekaa majumbani mwetu tunaona haya peke yetu.

Wakajitwika madebe, wakaenda kisima cha mbali, kule nyuma ya mashamba ya minazi. Na saumu, na jua hili. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Juma asema chumvi ni tabaka tu, tuchimbe tena tutaipita. Nusura nikubali. Kitu kimoja kimenizuia. Nimesimama kisimani, naisikia bahari kule. Nikajiuliza, tukiipita hiyo chumvi tutakwenda wapi? Nimemwambia angoje. Kaondoka ameudhika.

Jumamosi, 25 Januari

Nimefanya jambo, na sijui kama lina maana. Ndoo ya kwanza ya alfajiri, kisima kikiwa kimelala, naitia mtungi mmoja. Ndoo ya mwisho ya jioni naitia mtungi mwingine. Maghribi naonja yote mawili. Ya kwanza yanakunywika, ukikunja uso. Ya mwisho ni bahari tupu. Jana hivyo. Leo hivyo. Kisima kimoja.

Leo nilikuwa nakamua nazi ya futari. Tui limekaa bakulini kitambo, lile zito limepanda juu, maji yake yamebaki chini. Nikaliangalia mpaka wali ukaungua. Kama ni hivyo, basi maji matamu yako machache tu, yamekaa juu ya yale ya chumvi. Ukichota kidogo kidogo wapata ya juu. Ukizamisha mno, au ukichota bila kupumzisha, yale ya chini yanapanda. Na sisi tumetoboa hadi kwenye yale ya chini. Kamba fupi haikuwa ubahili. Ilikuwa haifiki makusudi.

Au ndivyo nadhani. Sina wa kumwuliza. Aliyejua alinambia nifuate tu. Kwani angepungukiwa na nini kunambia? Nimemkasirikia maiti katika mwezi mtukufu. Kisha nikawaza, labda naye aliambiwa hivyo hivyo, hakujua. Nimelia. Halafu nimekasirika upya.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwambia Juma kile tulichokichimba tukifukie. Kanitazama kama nimepandwa na pepo. "Shemeji, kazi ya uhuru utaifukia wewe?" Watu watamcheka, asema. Kweli, watamcheka. Watanicheka na mimi. Kaondoka bila kuaga, na Juma hajawahi kunikosea adabu hata siku moja.

Nikachukua kapu peke yangu. Mawe yale yale waliyoyatoa, na mchanga. Nabeba, namwaga, narudi. Mishi alikuwa anachungulia juu ya ua wa makuti, sikumwita. Sikuwa na uso wa kumwita. Baada ya adhuhuri nikasikia kapu lingine linamwagwa nyuma yangu. Mishi. Kasema, "Mkoloni gani huyu, anabeba mawe mwenyewe." Tumebeba mpaka alasiri, wengine wakaja mmoja mmoja. Nimefunga kisima. Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 31 Januari

Nilitaka kuwaambia watu wapunguze maji. Kila nikifungua mdomo naukumbuka ule mtungi wa chumvi. Mimi ndiye wa kusema?

Basi nafanya kwangu tu. Udhu kwa kata moja, na inatosha, nilikuwa namwaga bure miaka yote. Samaki namchemsha kwa maji ya bahari, chumvi sitii. Maji ya vyombo nayapeleka kwenye mgomba. Nguo zangoja siku ya kwenda mtoni. Najisikia mjinga. Mtu mmoja na kata yake, kisima kitajua?

Jana Mishi kauliza mgomba wangu wala nini, mbona umechangamka kiangazi hiki. Nimemwambia wanywa makombo. Leo nimemwona anabeba karai la maji machafu kwenda kwenye mpapai wake. Kajifanya hanioni. Nami nimejifanya simwoni.

Alhamisi, 6 Februari

Chumvi inapungua. Au ulimi umezoea. Siwezi kuapa.

Juma amekuja na mkokoteni wa mawe. Kamwaga, kasawazisha kwa mti mrefu, kanawa mikono kwa maji kidogo sana, akaenda. Nimemwandalia tambi za futari nikazipeleka kwa mkewe. Hayo ndiyo mazungumzo yetu kwa sasa.

Leo nimefungua fundo la katani ili nirudishe kamba ya zamani. Hapo nikakumbuka. Ile ncha mbovu niliikata. Niliichoma motoni. Urefu wenyewe wa Bi Mwanamisi, kipimo alichokilinda umri wake wote, nilikitia jikoni nikapikia. Nimewauliza watu. Mishi asema ilikuwa ikifika hapa. Mwingine asema pale. Jini wao wamemsahau, na urefu wamesahau. Nimekaa na kamba mapajani, sijui hata nianzie wapi.

Jumapili, 9 Februari

Salimu ameniona nimekaa vile vile. Safari hii hakufanya masihara. Kasema, "Mama alikuwa na ulimi, na wewe unao." Kisha kaenda msikitini. Sikujua kama ni maneno ya kunifariji au ya kunikomesha.

Baadaye nimeelewa. Kama kipimo kimepotea, kitafutwe kisimani, kwa ulimi.

Jumamosi, 15 Februari

Idi. Kanzu nyeupe kila njia, watoto wananuka udi na mafuta ya nazi.

Wiki hii nimekuwa natafuta. Bahari ikipwa, nateremsha chupa yenye jiwe, kidogo juu, kidogo chini, natia alama kwenye kamba, naonja maghribi. Pale ladha inapoanza kugeuka nimekata juu yake, na kwa woga nimekata tena kidogo. Ncha nimeifunga kwa uzi mwekundu wa leso.

Baada ya sala ya Idi wanawake wamekuja kuteka. Bahari ilikuwa imepwa sana, ndoo haikufika. Mishi, na leso yake mpya, kaikamata ile ncha nyekundu. "Na kwa nini hapa?"

Watu wote wakanitazama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu, kwa sauti ya mavyaa kabisa. Wewe fuata tu. Yalikuja mepesi hata nikaogopa.

Nimeyameza. Nimeingia ndani nikatoa mitungi yangu miwili, maji ya juu na maji ya chini, na kata. Nimemwonjesha Mishi yote mawili. Kisha aliye nyuma yake. Kisha wote, hata bibi wa Mishi asiye na meno, hata watoto, hata Juma aliyekuja kutoa mkono wa Idi. Kila mmoja kakunja uso kwa zamu yake. Sikueleza sana. Mengine hata mimi siyajui.

Kisha wakakaa juu ya madebe na leso zao mpya, tukangoja maji yapande. Mishi kasema masihara yake, nimeyasahau.

Kamba hii ni fupi kuliko ya Bi Mwanamisi, au ni ndefu. Sitajua kamwe. Juma kaiomba ile katani akamfungie mbuzi wake, nimempa. Chai ya Idi bado ina chumvi kidogo.

Alasiri nimefunga kisima. Mishi alishika kifuniko upande wa pili.