Wiki Sita Nisizozikumbuka

Ngarenaro, Arusha
Jumanne (nimemuuliza Mama Ndeshi, kasema ni Jumanne)

Dada Tumpe,

Shikamoo dada. Mama hajambo? Magoti yanamruhusu kwenda kanisani? Na watoto wako wazima? Mimi huku nipo. Naamka, nakula, natembea mpaka barabarani na kurudi. Kovu la kichwani limefunga. Kilichobaki ni siku, dada. Siku zimenivurugika.

Barua hii ataileta Gwamaka, mtoto wa baba mdogo, akitoka chuoni Makumira kuja likizo huko Tukuyu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nasahau nilichoanza kusema, na kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu.

Nikueleze ninavyojua mimi. Nakumbuka nipo Maji ya Chai, juu ya ngazi, nachomelea bawaba za geti la mteja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mahindi ya shamba la jirani yako magotini. Ngazi ikateleza. Baada ya hapo nimekaa kitandani chumbani kwangu, Mama Ndeshi mwenye nyumba ananipa chai. Kwangu mimi hayo mawili yamefuatana kama jana na leo. Katikati hakuna kitu.

Nikamaliza chai, nikavaa, nikaenda karakana. Nikamwambia bosi, "Samahani mzee, jana nilianguka, ndiyo maana nimechelewa." Mashine yangu alikuwa nayo mtu mwingine. Bosi akazima redio. "Lusajo, jana gani? Ni miezi mitatu."

Nikadhani ananitania. Nikatoka nje. Watu wamevaa makoti, Mlima Meru hauonekani kwa mawingu ya baridi, na mwanamke mmoja anapita na mzigo wa mabua makavu ya mahindi kichwani, chakula cha ng'ombe. Nikasimama nayaangalia yale mabua. Nani kayavuna mahindi kwa usiku mmoja?

Ndivyo nilivyorudi nyumbani nimechanganyikiwa, nikapapasa kichwa nikakuta kovu la kushonwa, nikakupigia. Niliyokwambia, kwa bahati mbaya, nayakumbuka yote. "Nimepasuliwa kichwa, nimelala miezi yote hiyo, na hakuna ndugu hata mmoja aliyekuja. Wewe ndiye uliyenilea. Hukuona hata haya?" Halafu ukasema, "Lusajo, nilikuwepo," ukakata.

Mama Ndeshi alikuwa anaanika nguo, akaja na mikono yake inachuruzika maji.

"Unamsema nani hivyo?"

"Dada yangu."

"Yupi? Aliyelala hapa sakafuni?"

Nikabisha. Nikamwambia ananichanganya na mpangaji mwingine. Akakaa kwenye ndoo, akanihadithia. Kwamba ulishuka kwenye basi siku ya pili baada ya ajali, ukakaa nami hospitali, kisha humu ndani, jumla wiki sita, ukaondoka ulipoona natembea mwenyewe. Kwamba ulinilisha uji kwa kijiko na kuninyoa ndevu. Na kila asubuhi nilikushangaa, "Dada! Umefika saa ngapi?" nawe ukijibu, "Sasa hivi tu, mdogo wangu." Siku moja, anasema, ulijibu hivyo ukicheka, kisha ukaenda kulia bafuni.

Nimekutafuta, dada. Nafumba macho nakutafuta katika chumba hiki. Nakupata wa zamani tu, unanifunga kamba za viatu niende shule. Wa mwaka huu sikupati. Daktari amesema siku zile huenda hazikuingia kichwani kabisa, kwa hiyo nisingoje zirudi. Nikamuuliza, sasa mtu anaombaje msamaha kwa kitu asichokijua? Akasema hilo hana dawa yake.

Saa nazo bado zinanichezea. Kuna siku nilikuwa namngoja Mama Ndeshi aliyekwenda dukani, nikahisi mchana mzima umepita, nikatoka kumtafuta. Nikamkuta bado anafunga geti. Siku nyingine nakaa juani kidogo tu, kumbe jioni imefika. Ukutani naandika kwa chaki: nimeoga, nimemeza dawa. Kisha nasimama pale nikijiuliza, nimeyaandika leo?

Halafu jana, au juzi, ujumbe wako ukaingia. Neno moja: "Umekula?" Dada, sikujua. Nilisimama na simu mkononi, hata tumbo halikunipa jibu. Ikabidi niende kuangalia sahani. Ilikuwa chafu, ina mabaki ya maharage. Ndipo nikakujibu, "Nimekula." Nililia mpaka Mama Ndeshi akagonga mlango.

Sitakudanganya kwamba nimekumbuka. Nisamehe kwa maneno yale. Na wiki sita zile nazitaka, dada, nipe wewe. Zungumza, Gwamaka akurekodi kwenye simu yake. Nilikuwa nasema nini, ulipika nini, nilikukera wapi. Usiruke siku mbaya kwa kunihurumia. Nikisahau nitasikiliza tena.

Msalimie mama, umwambie natembea bila fimbo. Msalimie sana shemeji, aliyebaki na nyumba peke yake muda wote huo mimi nisijue. Wanao waambie mjomba wao anawashukuru kwa kuniazima mama yao.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo nimekaa na barua hii tangu asubuhi, na Mama Ndeshi anasema ndiyo kwanza nusu saa,

Lusajo