Taja Bei, Kisha Unyamaze

Murithi, rafiki yangu,

Ile gemu yako nimeiuza. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka nitaogopa, na barua hii itabaki bila kumalizika kama zile nyingine mbili.

Wiki chache baada ya mazishi yako, mama yako alinipigia simu. Alikuwa kwenye kibanda chake sokoni Gakoromone. Nilisikia wanawake nyuma yake wakibishania debe la viazi. "Mwenda, kile kiredio chenu cha kuchezea kiko hapa kabatini, kinaniangalia tu. Kiuze. Murithi aliniahidi tangi la maji. Wacha kiwe tangi." Sikumwambia kwamba si redio, ni kompyuta nzima ya gemu inayoshikwa mkononi, na kwamba ulijinyima nyama miezi mingi ili uinunue. Nilisema tu, "Sawa, mama."

Halafu nikaingiwa na hofu. Unanijua. Mimi huomba msamaha hata ninaponunua mkate. Viatu vyangu vya kazi ulininunulia wewe. Nilipohamia Embu kuanza ukarani, ulikuja kutoka Meru ukaongea na mwenye nyumba hapa mtaa wa Dallas, mimi nimesimama nyuma yako kama mtoto aliyeletwa shule siku ya kwanza. Tulipotoka ulinicheka mpaka barabarani. "Mwenda, ni rahisi. Taja bei, kisha unyamaze. Ukifungua mdomo tena, unaanza kujipunguzia mwenyewe."

Bei nazo zimechanganyikiwa tangu uondoke. Wauzaji wanasema chipu za kumbukumbu zimekuwa adimu, kwa hivyo mashine mpya zimepanda, na zilizotumika zimepanda nyuma yao, hata yako yenye mkwaruzo pembeni. Mpya sasa ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Tena kuna nyingine zimetiwa plastiki ya kijivu na vitufe vya rangi ili zifanane na vitu vya zamani, na kwa kule kufanana zinauzwa ghali zaidi. Nilipoziona nilikusikia kabisa: "Wanatuuzia utoto wetu, Mwenda, na juu yake wanaweka VAT."

Utoto wetu ulikuwa matofali. Unakumbuka? Tumekaa chini ya meza ya mama yako, katikati ya magunia, na kile kigemu cha plastiki ambacho mjomba wako alikuletea. Matofali yanashuka, unayapanga. Betri zikiisha tulizing'ata kwa meno, tukazianika juu ya gunia, tukasubiri jua lizifufue. Mwendo ukianza kuwa wa kasi nilikuwa nakurudishia, mikono imeloa jasho. "Usiogope," ulikuwa ukisema. "Matofali hayakujui jina."

Niliichukua mashine yako kwa mama, nikaichaji hapa chumbani. Zile gemu kubwa zote zilikuwepo, magari, mpira, vita. Na katikati yake, matofali. Niliyafungua, nikakuta umeyaweka kwenye mwendo wa chini kabisa. Wewe hukuwahi kucheza polepole maishani mwako. Mwendo ule ulikuwa wangu, wa siku ambazo ningekutembelea.

Sikucheza. Nilizima, nikaketi kitandani.

Niliiweka mtandaoni. Watu waliandika "Bado iko?" na "Bei ya mwisho?" bila hata salamu. Mmoja aliuliza kama nachukua godoro na pesa kidogo juu. Kisha akapiga simu mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta. Alikuwa anateremka na mzigo kwenda Nairobi, akasema atasimama Embu dakika chache tu.

Tulikutana hotelini kando ya barabara. Mtu mkubwa, jaketi la ngozi, shavu limejaa miraa. Dereva wake hakuzima injini. "Karani, ongea haraka, miraa yangu inakauka."

Nikasema, "Elfu sitini." Nilikuwa nimepiga hesabu ya tangi, mabomba na fundi. Sauti ilitoka kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Sitini! Kwani inakamuliwa?"

Watu wa meza ya pili wakacheka. Akaigeuzageuza, akaona mkwaruzo. "Na kwenye simu ulisema ni ya marehemu. Vitu vya marehemu watu huogopa, kijana. Arobaini, na hapo nimekuhurumia."

Murithi, "arobaini na tano" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Akilini nilimwona mama yako akipanda kilima na mtungi wa maji, kisha nikakumbuka ulivyonifundisha, nikanyamaza. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Dereva akapiga honi. Yule mtu akanitazama, nami nikatazama chai yangu. Kwa kukosa la kufanya akaanza kubonyezabonyeza, akapita magari, akapita mpira, akafika kwenye matofali.

Shavu likaacha kutafuna.

"Mwalimu alininyang'anya hii darasa la sita," akasema, na hakuwa akiniambia mimi. Akaanza kucheza. Honi ikalia tena. "Ngoja wewe!" akafoka bila kuinua macho. Hata kwa mwendo ule wa polepole alikuwa anashindwa, akiyatukana matofali kwa Kimeru kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani. Alipomaliza alifuta skrini kwa mkono wa jaketi. "Hizi za zamani ziache humu ndani. Ukizitoa sichukui hata kwa ishirini. Haya, sitini."

Sheria yako ilikuwa mashine ifutwe yote kabla ya kuuzwa. "Mtu asiuziwe maisha ya mtu mwingine." Hata simu ya vitufe ulikuwa unaifuta. Basi pale mezani nilifuta akaunti yako, na ile picha yako ya kofia nyekundu. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Nilifuta jina lako, nikaacha matofali, na mwendo wake sikuugusa. Sheria yako nimeifuata nusu. Sidhani ungenigombeza.

Alipoondoka nilitoa simu nikuambie. Nilikuwa nimeshafungua jina lako, nimeandika "Murithi, nilinyamaza!" ndipo nikakumbuka. Chai ilifanya utando mbele yangu. Nilikaa pale na pesa mfukoni, nimeshinda, na hakuna hata mtu mmoja duniani ambaye angejua hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Sasa wewe ndiye uliyenyamaza. Na katika kunyamaza huku, mimi ndiye ninayeshindwa kila siku, ninayefungua mdomo kwanza.

Tangi limekuja. Ni jeusi, limekaa juu ya mawe kando ya jikoni. Mama yako hulipiga kwa vifundo vya vidole asubuhi kusikia maji yamefika wapi. Mvua ya kwanza iliingia na majani ya parachichi kwa sababu mfereji wa paa ulikuwa umeziba, naye akataka kupanda ngazi mwenyewe. Nimemkataza. Kila mwisho wa mwezi nitapanda mimi, ingawa unajua ninavyoogopa ngazi. Hilo nakuahidi.

Na kuna lingine. Mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba anaongeza kodi. Ameniita Jumatatu tuzungumze. Safari hii hakuna mtu wa mimi kusimama nyuma yake. Nitaenda, nitabisha mlango, nitasema kile ninachoweza kulipa. Kisha nitanyamaza, Murithi, hata kama magoti yatakuwa yanaongea.

Pumzika, ndugu yangu. Huku polepole tutafika.

Mwenda