Korongo ya Bawa Moja

Kamina, siku ya posho, Jumamosi, 1999. Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi. Moyo yangu iko nzito kama bukari ya jana, ugali yenye kulala.

Hii mvua niliingoja tangu kiangazi kianze. Bengine baliingoja juu ya kulima. Minyi niliingoja juu ya vipepeo ya usiku.

Mufundi ya kutengeneza tablo, picha ya ndege, kwa mabawa ya vipepeo, mu Kamina muzima, iko mumoja. Njo minyi. Hakuna masomo yalinifundisha. Nilitoka mu primaire mapema, mwalimu alisema kichwa yangu imejaa ndege, na hakusema bongo, ilikuwa kweli. Nilipokuwa kijana nilikaa mu matete ya ziwa Kisale mpaka makorongo bakanizoea, mumoja akajenga kiota juu ya kofia yangu. Pale njo nilijifunza vile korongo anafungua bawa: anaanza na bega, halafu kiwiko, halafu vidole, pole pole, kama padri anavaa nguo ya misa.

Siku moja nilitengeneza mwewe, nikaiweka nje gundi ikauke. Mwewe muzima akashuka kutoka mbinguni kupigana nayo. Akavunja shingo. Tulimukula na bukari. Muntu asibishe.

Mbele ya vita kuanza, mapadri na bakubwa ya reli balinunua kazi yangu. Sasa hakuna anayenunua. Mu anga kunapita ndege ya askari tu, zile za manyoya zimekimbia kelele. Lakini nilianza korongo moja mukubwa, juu ya triplex, ubao mwembamba yenye urefu ya mulango. Bawa ya kuume imekwisha, unyoya kwa unyoya, kwa yale mabawa ya kipepeo yenye alama kama jicho. Bawa ya kushoto iko mistari ya kalamu tu.

Nilijiambia: nikiimaliza, ningali mufundi. Nisipoimaliza, niko muzee mumoja tu anangojea chakula.

Vipepeo vimepotea juu ya njaa. Bantu balichuma viwavi ku miti yote, na kiwavi mwenye kuingia mu chungu hatapata mabawa. Sibalaumu. Lakini minyi nilificha bangu mu ndoo ya udongo. Baliingia chini, bakalala, bakakuwa kama njugu nyeusi. Mvua ya kwanza ikipiga, banapasuka, banatoka na mabawa. Kiangazi kizima ile ndoo ililala chini ya kitanda yetu. Bibi yangu aliiita "muke ya pili".

Jana jioni dada yangu, jina yake Mujinga, alifika na batoto yake kutoka Kabondo-Dianda. Vita ilibafukuza, bakatembea na miguu, bakifuata reli. Mutoto ya mwisho halii. Njo ile iliniogopesha.

Asubuhi, mvua ilipoanza, nilifunua ndoo. Udongo ulikuwa unatikisika. Mumoja alikuwa ametoa kichwa.

Bibi yangu akasimama nyuma yangu, akaniita.

"Ba Ilunga, bale batoto batakula bukari na nini?"

"Ungoje kidogo. Kesho hapa mutaona maajabu. Bote batatoka..."

"Batatoka, bataruka. Na sisi tutakula upepo?"

Mujinga akacheka kutoka ku mukeka. Na ile miguu yake imevimba, akacheka.

"Mulamu, wifi yangu, umuache. Huyu kaka, yaya yangu, alizaliwa vile. Hata ku kilio ya baba, bantu banalia, yeye anaangalia ndege juu ya paa."

Angenitukana, ningekaza kichwa. Alicheka.

Nilibeba ndoo minyi mwenyewe mpaka ku moto. Nilibatoa mu udongo, nikabaosha, nikabakaanga na chumvi. Hata ule alikuwa ametoa kichwa.

Batoto balikula. Ule ya mwisho alikula, halafu akalia juu chakula imeisha. Bote tulifurahi kusikia analia.

Na minyi nilikula.

Ilikuwa tamu. Njo ile inaniumiza.

Nyuma ya kula, Mujinga alikaa mbele ya triplex, akaiangalia sana.

"Yaya, na huyu anaruka namna gani na bawa moja?"

Bote bakageuka. Hata bibi yangu, mwenye kuchoka na maneno yangu tangu ndoa, alitega sikio. Balikuwa banangoja niseme kitu: upepo ya Kisale, korongo mwenye kuruka kando kando, chochote. Kwa ile miaka yote sijapata kukosa la kusema.

Nilisimama.

Nikageuza tablo, uso ku ukuta.

Mvua inanyesha tena. Huko nje bantu banafurahi, bananoa majembe. Ndoo iko mutupu, na mulango ikipigwa kesho, bakiuliza kama mufundi ya tablo ya ndege anakaa hapa, nitajibu nini?