Mwenye Mafuta ni Nani?

Kaloleni,
Nairobi.
14 Agosti 1996

Mpendwa kaka Musau,

Pokea salamu zangu na za watoto. Hujambo? Wifi Mukai hajambo? Mgongo wake umepoa, au joto la Mombasa bado linamsumbua? Sisi miili ni mizima, roho ndiyo inayougua. Barua yangu ya kwanza hukuijibu, kwa hiyo hii naiandika kwa hasira na machozi pamoja.

Kyule wangu bado yuko rumande. Kesi itasikizwa Jumanne ijayo.

Acha nikueleze upya, labda ile barua ilipotea. Kyule alileta mafuta mazito ya tanuri kutoka huko kwenu, kama kawaida, akayateremsha katika yadi ya tajiri wake inayopakana na mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Tangi la pale lilizungushiwa ukuta mfupi wa kuyazuia mafuta yakimwagika. Tajiri aliubomoa ili malori yapate nafasi ya kugeuka. Kyule alimwonya, akaambiwa kazi yake ni usukani. Siku hiyo tangi likapasuka chini. Mafuta yakaingia mtaroni, yakaingia mtoni, yakafika hadi chini ya vitanda vya watu.

Binamu yetu Kalekye, sukuma wiki zake zote kando ya mto zimekuwa lami. Tajiri alituma vijana wakamwaga mchanga juu, wakaenda zao. Ati huko ndiko kusafisha!

Polisi walipofika yadini waliuliza, "Mwenye mafuta hapa ni nani?" Na mume wangu, kaka, akajibu, "Ni mimi, afande."

Unajua kwa nini. Huku kwetu mwenye gari ni yule anayeliendesha, hata kama hamiliki hata gurudumu. Tena jirani yetu Odera, yule wa reli, alimbandika jina hilo la Mwenye Mafuta zamani kwa sababu ya ovaroli yake isiyotakata. Kaloleni nzima inamwita hivyo. Hata mimi, polisi walipokuja baadaye huku mtaani kuuliza kwa Mwenye Mafuta ni wapi, nilitoka nikasema ni hapa, karibuni. Ulimi hauna mfupa. Sasa tajiri anasema yeye alimkodishia Kyule yadi tu, mafuta yalikuwa ya Kyule, na kwani si amekiri mwenyewe?

Karani wa mahakama amenieleza kwamba anayetafutwa ni mwenye mafuta. Ndiye asafishe, ndiye awalipe walioumia, na akishindwa ni jela. Kalekye anadai haki yake na simlaumu. Lakini akimshinda Kyule atapata nini, ovaroli? Mto utabaki vile vile, na tajiri atanunua tangi jingine.

Odera alikuja akalia mbele yangu. "Mama, mimi ndio nilimpatia hiyo jina. Wacha niende niambie hakimu tulikuwa tunacheka tu." Ataenda, maskini. Lakini mzaha wa jirani hautamtisha wakili wa tajiri.

Wewe ndiwe unayesimamia upakiaji huko Changamwe. Lori la Kyule lilipita mikononi mwako, na wajua vizuri ni nani aliyeagiza mafuta yale. Tena ni wewe uliyetuambia Krismasi, nyama ikiwa mkononi, kwamba meli ikimwaga mafuta baharini hawamshiki baharia, wanamtafuta mwenye meli. Siku hiyo sauti ulikuwa nayo. Najua tajiri huyu ni mteja wenu mkubwa na unaogopa kufukuzwa. Hata mimi naogopa. Lakini kazi hutafutwa, ikapatikana nyingine. Kyule mwingine nitamtafuta wapi? Nakusihi, kaka, panda gari la moshi Jumapili, usimame mbele ya hakimu useme unachokijua. Sina mwingine wa kumlilia.

Nisalimie wifi Mukai na watoto. Mama kule Kangundo anakuombea kila jioni. Nimemdanganya kwamba Kyule amesafiri, na leo ameuliza tena anarudi lini. Mungu akulinde, na akufungue kinywa.

Naishia hapa kwa kuwa giza limeingia na taa inafifia. Ndiyo, kaka, kwa Mwenye Mafuta hakuna hata tone la mafuta ya taa.

Wako akupendaye, atakayekungoja stesheni,
Muthoki