Baba mkwe nyuma ya rafu

Braulio, nimeaibika! Baba mkwe wangu, don Ariosto! Ndani ya duka la vitu vya wakubwa!

Sikia. Nilikwenda kuchagua kile kifaa cha wanaume cha kujiridhisha. Muuzaji, Mirtha, akanipa kibuyu cha chai ya yerba wanachopokezana wateja, ninywe, huku akinihoji kwa sauti: "Unapenda laini au cha kubana? Kimya au kinachotetemeka?"

Nikasema laini, kimya. Si ndivyo ninavyopenda? Kuna kosa gani?

Sauti ikatoka nyuma ya rafu: "Laini! Ndiyo maana binti yangu hana raha."

Mzee mwenyewe! Anangoja zamu yake ya kibuyu, mshenzi yule!

Nikamrukia: "Na wewe umefuata nini humu, misa?"

Mirtha akadakia, hana hata haya: "Don Ariosto ni mteja wetu wa siku nyingi. Yeye hutaka kikubwa, kinachotetemeka."

Unadhani mzee alitahayari? Akanipokonya kibuyu, akafyonza mrija uleule niliotoka kufyonza, akasema: "Jumapili usichelewe."

Jumapili, Braulio! Nyama choma kwake, ukoo mzima! Na anayezungusha kibuyu ni yeye.

Kwa mikono ileile!