Neno la Mstari wa Saba

Mpendwa mdogo wangu,

"Benki hazisamehe mtu, dada. Ukianguka mara moja, basi umeanguka moja kwa moja." Ndivyo ulivyoniandikia wiki iliyopita, baada ya benki kuwanyima mkopo wa nyumba, na neno "hazisamehe" ukalipigia mstari mpaka karatasi ikachanika. Nakataa. Nilikataa tangu nilipoifungua barua yako, na leo nitakueleza kwa nini.

Lakini tusigombane kabla ya kusalimiana. Hujambo? Shemeji je, kile kikohozi chake cha vumbi la saruji kimepoa? Na watoto wanaendeleaje na masomo? Mimi ni mzima, ila macho yanachoka. Mama naye hajambo. Goti humsumbua asubuhi, kisha akipata mtu wa kumgombeza linapona lenyewe. Anakusalimu sana, na kila siku ananiuliza kama yule mwenye nyumba bado anawashikilia nyumba. Nimemwambia ameahidi kungoja hadi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo atamuuzia mwingine.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Unasema benki haisamehe. Mbona ilishaanza kukusamehe? Si wewe uliyetusimulia kwamba ofisa mikopo aliona jinsi ulivyomaliza mkopo wa chama chenu cha akiba kabla ya tarehe, akaona bili za maji na umeme hazijachelewa hata mwezi mmoja, akasema mtu akianguka akainuka wao humpokea? Benki haina moyo wa kusamehe, na haina kinyongo pia. Benki inasoma. Ikiandikiwa uongo, itasoma uongo, na itakunyima nyumba kwa adabu zote.

Najua unavyonisikia sasa: Kalamu Nyekundu, kama mnavyoniita kwa kazi yangu ya kusahihisha, ameanza. Vumilia, sijafika.

Unakumbuka ulivyokopa ukanunua vyerehani vinne vya kushonea sare, halafu shule ikavunja mkataba? Jina lako likaingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu, na mimi, dada yako wa kwanza, ndiye niliyekubandika jina la Sugu. Tulikuwa mezani kwa Mama. Watu walicheka, nawe ukacheka, huku unajifuta macho kwa pindo la kanga. Sikukuonea huruma. Niliona hatimaye kila mtu anaona tofauti kati ya binti anayejua kujipangia na binti wa kujaribu jaribu.

Kisha ukaenda zako kwa wale waliokukopesha, ukapangiwa kiasi cha kila mwezi, ukalipa miaka minne bila kuruka. Mama akaanza kukutaja kwa wageni. Akisema "mwanangu" bila kuongeza neno, ni wewe. Mimi hunitaja kwa kazi: yule wa kiwanda cha uchapaji.

Kuna jambo sijakwambia. Mwaka jana nilikwenda benki ile ile, nimevaa gauni langu la kwendea harusini, kuomba mkopo wa nyumba. Binti wa dirishani, mpole kweli, alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena, akaniambia kwamba hanioni. Nikamjibu kwa kiburi kwamba hataniona, maana sijawahi kudaiwa na mtu hata senti. Akasema hilo ndilo tatizo, mama. Kwa kuwa sijawahi kukopa, hawana cha kunipimia. Nilitoka pale msafi kama sahani ambayo haijawahi kupakuliwa chakula. Mama nilimwambia foleni ilikuwa ndefu.

Ndipo mkatupeleka kuiona nyumba mnayotaka kununua. Mama alizunguka akigonga kuta kwa vifundo vya vidole kana kwamba anachagua tikiti maji. Shemeji akanitania kwamba chumba cha nyuma ni changu, ila kalamu yangu niwe naiacha mlangoni na viatu. Nilicheka. Halafu Mama akasimama katikati ya sebule akasema Mungu amemjalia, mmoja wa binti zake atapigilia msumari ukutani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mimi nimepanga vyumba vyangu viwili miaka kumi na tisa, na mwenye nyumba wangu hataki msumari. Kalenda yangu, ambayo naisahihisha mwenyewe kila mwaka kabla haijachapwa, huegemea kiti.

Kesho yake ukaniletea faili la maombi kazini. Ulisema nipitishe jicho, kwa kuwa mimi siponyokwi hata na nukta. Nililisoma lote, katikati ya kadi za harusi na vitabu vya risiti. Nilikurekebishia "thelathini" mahali ulipoandika "selasini". Kisha nikafika kwenye taarifa yako ya mikopo, ukurasa wa pili, mstari wa saba. Mstari huo ulipaswa kusema: deni limelipwa. Ulisema: deni limefutwa.

Wewe ungelisoma ukafurahi kwamba deni halipo tena. Mimi nilijua. Miezi michache kabla ya hapo nilisahihisha kijitabu cha wakopeshaji, na humo limeelezwa wazi: limefutwa maana yake mkopaji hakulipa, aliyekopesha akakata tamaa, akaandika hasara. Risiti zako za miaka minne zilikuwa nyuma ya faili lile lile, umezifunga kwa utepe wa kitambaa cha sare. Kalamu ilikuwa wazi mkononi. Nikaona ule msumari unaingia ukutani.

Nikaifunika kalamu. Juu ya faili nikaandika "Safi", nikakurudishia. Ukanikumbatia mbele ya wafanyakazi wenzangu, na Jumamosi ukaniletea mapazia ya bluu uliyonishonea kwa shukrani.

Sikupitiwa, mdogo wangu. Usinitafutie udhuru huo. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuonea wivu. Aliyekunyima nyumba si benki, ni mimi. Ningekupigia simu ningejitetea, ndiyo maana nimeandika. Mapazia bado yamekunjwa ndani ya mfuko wake.

Jana niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa waliokukopesha, na nakala za risiti ulizoniachia. Karani wao alizipitia moja moja akakiri kosa ni lao. Kwenye kompyuta yao maneno hayo mawili yamefuatana, mtu akagusa la chini badala ya la juu. Kulirekebisha ni kazi ya siku nne, ila wanataka sahihi ya mkopaji mwenyewe, mimi hawakunikubalia. Kutoka hapo nilikwenda kwa ofisa mikopo wako. Amesema taarifa mpya ikimfikia kabla ya mwisho wa mwezi, atalifungua faili upya.

Mama nitamwambia kwa mdomo wangu, msinitangulie. Wasalimie watoto, mpe shemeji pole ya kikohozi, na fundi mwenzako mwambie sketi yangu nitaifuata mwenyewe.

Sijawahi kumdai mtu maishani mwangu. Leo nawadai wewe na shemeji. Jumatatu saa mbili asubuhi muwe kwenye ofisi ya hao waliokukopesha, dirisha la pili, na kitambulisho chako na risiti zote halisi na utepe wake. Nitakuwa mlangoni. Usinisalimie kama hutaki. Ingia, sema neno lililo kweli, simama hapo hapo mpaka waliandike, usome mstari wa saba kwa macho yako mwenyewe, ndipo utie sahihi. Matusi yangu yaweke mpaka mtakapokuwa na funguo mkononi.

Na lile jina nililokubandika, nirudishie. Ni langu.

Dada yako,
Sugu