Tiyo Kwenye Ukuta wa Mama Asha

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Natangaza kwa majonzi makubwa, kwa raia wote wa kiwanja hiki, parseli yetu, yaani mke wangu, mimi na kuku: tiyo, bomba letu la maji machafu, imejiuzulu. Haikutoa sababu.

Nilikuwa nanawa miguu bafuni uani, kama kila asubuhi. Maji yakaenda, kisha nikayasikia yakimwagika mahali pasipo pake. Nikatoka na povu hadi magotini. Kule tiyo inapoingia kwenye tundu la ukuta, kiungo kimeachia. Maji ya sabuni yanateremka kwa jirani yetu Mama Asha, moja kwa moja hadi kwenye jiko lake. Jiko lenyewe la matofari mabichi. Chini limeanza kulika.

Aibu. Yule ni mama mzee, anaishi peke yake, na maji ni yetu. Tiyo inapita kwake kwa ruhusa yake, maana mteremko uko upande wake na mfereji wa barabara uko mbele ya nyumba yake.

Fundi alitaja bei. Nilicheka, naye akacheka, tukaagana. Pesa iliyopo ni ya bati la paa. Nitatengeneza mwenyewe. Mama Safi, mke wangu, kasikia hilo akaenda kuhamisha nguo zake kwenye kamba.

Jumanne, tarehe 4

Nimetengeneza. Mpira wa ndani wa baiskeli, nimeukata kamba ndefu. Nikapangusa tiyo, nikaunganisha, nikazungusha kamba nikiivuta kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Haidondoshi hata tone.

Ufundi huu ni wa miaka ya vita. Treni ilikuwa haiji, meli hazipandi mto, maduka matupu. Kila kitu tulikifunga kwa kamba ya mpira: baiskeli, bawaba za mlango, miwani ya marehemu baba. Baba alisoma Injili miaka mizima huku sikio limebanwa na mpira.

Nimejisifu mbele ya Mama Safi kupita kiasi. Najua.

Ijumaa, tarehe 7

Inavuja tena. Kiungo wazi, matope hadi jikoni kwa Mama Asha. Kamba ya mpira imefunguliwa. Imekunjwa vizuri. Imewekwa juu ya ukuta.

Nikamwambia mke wangu, "Ni mbuzi ya pale kona ndiyo inafanya hivi."

"Ikafungua fundo?"

"Mbuzi iko na meno."

"Ikakunja na kamba, Papa Safi? Basi hiyo mbuzi ilisoma kwa masista."

Nimekasirika. Nimefunga upya, fundo juu ya fundo.

Jumamosi, tarehe 8

Inavuja. Mafundo yote yamefunguliwa moja moja, kwa subira. Sasa naogopa kidogo. Nani ananichukia hivyo?

Nimeacha mpira, nimekuja na moto. Ukipasha ncha ya tiyo ya plastiki juu ya makaa inalegea. Unaingiza ya pili ndani yake, unamwaga maji baridi, zinashikana. Nilitumia mbabula, jiko la makaa la mke wangu, sombe yake ya majani ya mihogo ikiwa imeteremshwa kwa heshima zote. Ncha ya kwanza iliungua kabisa. Ya pili ikakubali. Sombe ilinuka plastiki. Tumekula hivyo hivyo.

Saruji nimeomba kwa rafiki anayejenga: nusu ndoo. Jumatatu nitaziba tundu lote la ukuta kuzunguka tiyo. Hapo hata mbuzi msomi atashindwa.

Nilikuwa napepeta mchanga Mama Asha alipokuja na samaki wa moshi kutoka Lokandu, zawadi tu. Aliangalia ndoo. "Unataka kufunga tundu?"

"Kabisa, mama. Jiko lako litaanguka."

"Jiko ni yangu, mutoto yangu. Mimi nililalamika?" Akaweka samaki mikononi mwangu. "Usikimbize mambo."

Amenishangaza. Mtu anaoga kwenye matope yangu, naye ananiletea samaki.

Jumapili, tarehe 9

Mvua mchana kutwa. Redio ya Mama Asha inasikika hadi kwetu, kaifungulia sauti yote. Habari za mapigano. Bado mbali na mji wetu, Kindu, wanasema. Tunalijua neno hilo, "mbali". Hata zamani lilikuwa mbali, mpaka asubuhi moja.

Nimekaa barazani nikiangalia tundu. Watoto wa leo wanadhani lilitobolewa kwa ajili ya tiyo. Sivyo. Ni Papa Asha, marehemu mume wake, aliyelitoboa vita ilipoingia mjini, kwa sururu yake ya kazi ya reli. Wenye bunduki wakigonga kwetu, sisi tunapita kwake. Wakigonga kwake, wao wanapita kwetu. Tuliliziba kwa mkeka, tukapanda maboga mbele yake. Mtoto wetu Safi alikuwa wa kunyonya. Yeye ndiye aliyekuwa anapita kwanza. Mama Asha alimpokea upande ule, akamziba mdomo kwa titi lake mwenyewe, ingawa maziwa hayakuwemo tena.

Vita ilipoisha hakuna aliyeliziba. Hatukukubaliana hivyo. Hatukuziba tu. Kisha nikapitisha tiyo, likawa tundu la tiyo.

Kesho saruji. Moyo wangu haujatulia, sijui kwa nini.

Jumatatu, tarehe 10

Nimejua.

Alfajiri nilikuwa bafuni, kikwembe kiunoni, sabuni machoni. Nikasikia tiyo inakwaruza. Nikatoka na kata ya maji mkononi, tayari kumpiga adui. Kwenye tundu nikaona kitambaa cha kichwa. Chini yake Mama Asha, amekwama mabegani, majani makavu masikioni. Tiyo yangu, kiungo changu cha moto, vyote amevisukuma kando kama kuni.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Vuta!"

Nilimvuta. Tukaanguka wote, yeye juu ya matope yangu, mimi nikishika kikwembe. Mama Safi alitoka, akatuona, akarudi ndani kucheka. Nilimsikia.

Mama Asha hakucheka. Alijipangusa, akasema bila kunitazama, "Nilikuwa napima kama bado napita."

Kila akisikia redio, anapima. Tiyo inamzuia, anaitoa. Akimaliza anajaribu kuirudisha, mikono haina nguvu. Alikunja kamba kwa sababu ni kamba nzuri.

"Ungeniambia, mama."

"Nikuambie nini? Kama mimi muzee naogopa? Asha, mutoto yangu, aliniambia nihamie kwake Kasongo. Nikamwambia hapana, mimi niko na mulango kwa Papa Safi." Kisha, taratibu: "Na wewe ukaleta sima ya kuziba."

Na mimi nikaleta saruji. Niliingia ndani nikakaa kitandani na sabuni yangu ikinikaukia. Sijaona aibu hivi kwa muda mrefu. Jiko nililihurumia. Mwenye jiko sikumuuliza.

Jumatano, tarehe 12

Nimechimba. Tiyo sasa haipiti kwenye tundu. Inapita chini ya ukuta, kwenye handaki dogo, ikishuka polepole hadi mferejini. Nimelaza uzi na chupa ya maji kupima mteremko. Mgongo umeniambia maneno mabaya.

Saruji yote imekwenda chini ya jiko la Mama Asha. Alisimamia kazi akiwa amekaa kwenye kiti. "Pale bado. Na pale. Macho yako iko wapi?" Afya yake imerudi kabisa.

Jumapili, tarehe 16

Mtaani imetangazwa kwamba Papa Safi ametengeneza tiyo yake bila fundi. Vijana wananiita injinia. Nawapungia mkono.

Humu niseme kweli. Tiyo bado inadondosha kidogo kwenye kona. Nimeweka mkebe wa nyanya chini yake. Mteremko wa kwanza niliuchimba ukielekea bafuni, na maji yakanirudia miguuni. Mama Safi ndiye aliyeona kosa, kutoka mlangoni, akiwa anachambua mchele.

Na jana, mke wangu alipokuwa sokoni, nilijaribu tundu. Kichwa kilipita. Mabega yalipita. Tumbo lilikataa. Mama Asha alinivuta kutoka upande wake mpaka akachoka, akakaa chini akacheka hadi machozi. Ilibidi nirudi kinyumenyume. Nikachukua patasi, nikaondoa matofari kulia na kushoto, nikajaribu tena. Sasa napita.

Mama Safi aliporudi aliuliza tundu limepanuliwa kwa nini.

"Kwa ajili ya tiyo," nikasema.

Alitazama tundu. Alitazama chini, tiyo ilikozikwa. Akaingia ndani. Nikasikia anavuta sanduku lililo chini ya kitanda. Akatoka na mkeka, ule wa zamani, niliodhani tuliuchoma miaka mingi iliyopita. Akaupiga vumbi, akautundika kwenye tundu. Umefunika hata pale nilipoondoa matofari.

Kisha akainama akapanda mbegu za maboga.